Ua la dirishani kwa Mama lilitoka Tanga



Mliosikiliza kipindi cha wiki hii mlinisikia nikikiri kosa: Mama alisafiri kwenda Muheza kumuuguza Bibi, akaniachia ua lake la jikoni, na ndani ya wiki tatu nikakaribia kuliua. Kwenye kipindi nilisimulia nusu tu, muda ulikuwa umeisha. Nusu ya pili ndiyo hii, nayo ndiyo yenye historia.

Kwanza mlijue ua lenyewe. Nina hakika wengi wenu mmeliona, hasa mliokulia huku Uingereza kama mimi. Ni mmea mdogo unaotosha kwenye chungu cha ukubwa wa kikombe. Majani yake ni ya mviringo, manene kidogo, yana manyoya laini kama sikio la paka. Maua ni ya zambarau na katikati yana vidoa viwili vya njano. Limejaa kwenye madirisha ya bibi wa Kizungu. Mama alipewa na jirani yetu wa Leicester, bibi wa mlango wa pili, nilipokuwa shule ya msingi. Hakupewa mmea mzima, alipewa jani moja ndani ya kikopo cha mtindi. Miaka yote nyumbani tuliliita "ua la Kizungu."

Mama alipoondoka alibandika karatasi kwenye friji: "Ua: maji vuguvugu, kisahanini. Usilimwagie kichwani. Lisipigwe na jua. Usiku wa baridi litoe dirishani."

Sasa nicheke au nilie? "Vuguvugu" sikulijua. Nilidhani ni aina ya maji, labda ya chupa. "Kisahanini" nikaona Mama amekosea, alitaka kuandika kisahani, na kisahani kipo, basi sawa. "Kichwani" nikajiuliza ua lina kichwa gani. Ningeweza kumpigia simu nikauliza. Sikumpigia. Mnaijua ile aibu: una miaka ishirini na sita, una podikasti ya Kiswahili, halafu unampigia mama yako aliye kando ya kitanda cha mgonjwa kumuuliza maana ya neno moja. Nikafungua bomba, nikajaza kikombe maji ya Januari, baridi kama barafu, nikalimwagia juu.

Wiki ya kwanza majani yakapata madoa ya kahawia. Wiki ya pili nikaona lina kiu, nikaongeza maji. Wiki ya tatu moyo wa mmea ukawa laini, ukaoza.

Usiku huo niliingia intaneti kutafuta jinsi ya kuliokoa. Kabla sijafika kwenye tiba nikakutana na neno moja nililolijua vizuri: Usambara. Mama yangu ni wa Muheza, milima ya Usambara Mashariki anaiona akiwa uani kwao. Ua la Kizungu, kumbe ni mtu wa kwao.

Basi tuanze mwaka 1892. Tanga iko chini ya Wajerumani. Vita vya pwani vimekwisha miaka michache tu: Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mkuu wa wilaya ya Tanga ni Mjerumani wa miaka kama thelathini hivi, Walter von Saint Paul-Illaire. Katika kuzungukia misitu ya karibu anakuta mimea midogo yenye maua ya zambarau, imeshikilia miamba kivulini. Anaipeleka Ujerumani kwa baba yake, mpenda maua aliyeishi Fischbach, Silesia. Baba anaifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland anaikuza, anaichunguza, na mwaka 1893 anaitangaza kwa jina la kitaalamu: Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa baba na mwana. La pili limetoka Kigiriki, maana yake ni lenye maua kama ya urujuani. Mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza.

Katika jina hilo hamna Tanga wala Usambara. Usambara ilibaki kwenye midomo ya watu wa kawaida tu: Wajerumani waliliita urujuani wa Usambara, na hadi leo ukiingia duka la maua Ujerumani utalikuta kwa jina hilo. Kwa Kiingereza likaitwa urujuani wa Afrika, bara zima kwa mkupuo. (Urujuani si ndugu yake hata kidogo. Ni rangi tu iliyowachanganya.)

Kuna jambo jingine lililotokea Tanga wakati huohuo. Mwaka 1893 Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi elfu moja vya mkonge kutoka Florida. Safarini vingi vilikufa, vikafika 62 tu vilivyo hai. Kutoka kwenye hivyo 62 yakaja mashamba yaliyofunika mkoa mzima. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge maisha yake yote, na mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba. Kwa hiyo karibu wakati mmoja mimea miwili ilipishana baharini. Mmoja ulitoka Tanga kwenda kupamba meza za Ulaya. Mwingine ulikuja Tanga, na watu wetu wakafanyishwa kazi kwa ajili yake.

Saint Paul-Illaire hakuwa wa kwanza kuliokota ua hili. Kabla yake sampuli zilizokaushwa zilifika bustani ya Kew, hapa London, mara mbili. Ya mwaka 1884 ilitoka kwa John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja enzi za Sultani Barghash. Ya mwaka 1887 ilitoka kwa mmishonari W. E. Taylor wa Mombasa. Sampuli hazikutosha kuwawezesha wataalamu kuutangaza mmea, zikabaki kwenye makabati.

Jina la Taylor lilinisimamisha. Ni yule yule aliyekusanya methali za Waswahili akazitoa kitabu mwaka 1891. Nikarudi kwa Saint Paul-Illaire, nikakuta kwamba mwaka 1890 naye alitoa kitabu Berlin: Suaheli Handbuch, mwongozo wa kujifunza Kiswahili.

Yaani fikirieni. Watu wawili waliolichukua ua hili wakalipeleka Ulaya, wote wawili walikaa chini wakajifunza Kiswahili hadi wakaandika vitabu. Nina hakika wote wawili walijua "vuguvugu" ni nini. Mimi, mjukuu wa Muheza, nimeliua ua kwa sababu sikulijua.

Hilo lilinichoma siku kadhaa. Kisha nikajiambia nisiwe mwepesi wa kujidharau. Mmoja alijifunza ili atawale, mwingine ili ahubiri, na wote walikuwa na muda, mshahara na walimu. Walimu hao majina yao ni nadra kuyakuta kwenye majalada ya vitabu. Wa Taylor angalau mmoja anajulikana: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia kuhifadhi mashairi ya Muyaka. Na waliomwonyesha Saint Paul-Illaire njia za msituni, sijakuta mahali jina lao lilipoandikwa.

Hadithi ya majina ina kichekesho chake pia. Kuna ua jingine ambalo kila kiangazi huku Uingereza linajaza vyungu vya nje na bustani za manispaa: lile la jekundu, waridi na jeupe, lenye mashina ya maji, linalochanua kivulini bila kuchoka. Nalo ni la Afrika Mashariki. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa Kew alilipa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, kwa mimea iliyotoka kwa Kirk. Fikirieni fahari ya Barghash, jina lake limepandwa kila uwanja. Lakini baadaye ikaonekana kwamba mmea huohuo Hooker mwenyewe alishaupa jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa ajili ya Horace Waller, mtu wa misheni aliyefuatana na akina Livingstone. Sheria ya wataalamu wa mimea inasema jina la kwanza ndilo linaloshinda. Sultani akavuliwa ua.

Turudi kwa letu. Mwaka 1926 kampuni moja ya maua ya Los Angeles, Armacost na Royston, iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Katika miche iliyoota wakachagua kumi bora, wakaitoa sokoni mwaka 1927. Mmoja wao uliitwa Blue Boy, na chotara nyingi za leo ukifuatilia ukoo wake utaukuta humo. Wamarekani walilipenda hadi mwaka 1946 wakaunda chama cha wapenzi wa ua hili, nacho kipo mpaka sasa na mashindano yake. Leo kuna aina maelfu: nyeupe, waridi, za maua mawilimawili, hata za kibete ambazo mmea mzima unakaa kwenye kikombe cha kahawa.

Lakini nadhani sababu kubwa ya kuenea kwake ni kwamba halihitaji duka. Unakata jani, unalichomeka kwenye udongo, linaota. Jirani anampa jirani. Ndivyo lilivyotoka mlango wa pili likaja kwetu, mikononi mwa mwanamke wa Muheza aliyekuwa akirudi asubuhi kutoka kazi ya usiku hospitalini, bila yeye wala yule bibi kujua kwamba limerudi kwa mwenyewe.

Na jina la mkuu wa wilaya? Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza vinasaba walikubaliana kwamba mmea huu ni wa jenasi ya Streptocarpus, iliyokuwa na jina kabla yake. Saintpaulia ikashushwa cheo, na sasa ua letu ni Streptocarpus ionanthus. Jina la bwana yule lilikaa juu miaka 122.

Lililobaki juu ya mawe ndilo linalonitia wasiwasi. Porini jamii hii ya maua inapatikana Tanzania na Kenya tu, hasa katika milima ya Tao la Mashariki na misitu michache ya pwani. Aina nyingine zinajulikana kutoka eneo dogo sana, mlima mmoja au bonde moja. Zinaishi kwa kivuli cha miti mikubwa na unyevu wa miamba. Miti ikikatwa kwa mbao, au chini yake ikisafishwa kupanda hiliki, au msitu ukigeuzwa shamba la chai, jua linaingia na mmea unakauka. Usambara Mashariki sehemu kubwa ya msitu uliobaki ililindwa mwaka 1997 kwa kuanzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Lakini kuna vipande vya msitu nje ya hifadhi, na watu wanaoishi hapo nao wanahitaji kula. Sitaki kumnyooshea kidole mkulima wa hiliki nikiwa nimekaa Leicester karibu na hita.

Niliamua kumwambia Mama ukweli. Nikapiga simu ya video, nikaanza na historia ili kupunguza makali ya habari mbaya. Mama alinisikiliza, akanyamaza. Kisha akasema, "Ngoja," akaigeuza simu kwa Bibi.

Bibi alizaliwa juu, upande wa Amani, akaolewa akashuka Muheza. Siku hizi anaongea kidogo kidogo. Nikamwonyesha picha ya ua kabla sijaliharibu. Akaitazama muda mrefu, halafu akasema, "Hilo? Hilo tulikuwa tukilikanyaga tukienda mtoni."

"Linaitwaje, Bibi?"

"Mimi nalijua kwa sura, mjukuu wangu. Jina alikuwa akilijua mama yangu. Alikuwa akijua majani yote yule."

Ndiyo hivyo. Nina majina ya Wazungu watano na tarehe zao zote. Jina alilokuwa akilitumia mama wa bibi yangu limepotea kwenye ukoo wetu, na nimechelewa kuliuliza. Labda wapo wazee huko juu ambao bado wanalo. Mama ameahidi kuuliza kabla hajarudi.

Kisha akaichukua simu. "Haya, sasa nionyeshe ulivyolifanya." Nikamwonyesha. "We mtoto! Vuguvugu si yale ya moto, si ya baridi! Si nilikuwa nikikuogeshea?" Akacheka mpaka Bibi naye akacheka. Kisha akanielekeza, na nikagundua kwamba kila sharti lake linaeleweka ukikumbuka msitu.

Maji yawe vuguvugu, kwa sababu mmea huu haujawahi kukutana na maji ya Januari ya Leicester. Ya baridi yakigusa jani yanaacha doa. Yawekwe kisahanini, chungu kikae juu yake, udongo unywe kwa chini kama nusu saa, halafu maji yaliyobaki yamwage. Kichwani, yaani pale katikati majani yanapokutana, pasilowe, maana pakituamisha maji panaoza. Porini mmea umeshikilia mwamba, maji yanapita yakaenda zake. Kwa sababu hiyo hiyo udongo uwe mwepesi na chungu kiwe kidogo, usimwagilie tena mpaka juu pakauke. Mwanga uwe mwingi lakini usiwe wa jua kali la moja kwa moja, kama mwanga unaochujwa na majani ya miti. Joto la chumba cha kawaida, nyuzi 18 hadi 25, linatosha. Kioo cha dirisha usiku wa baridi ni adui.

Na kama moyo umeshaoza kama wangu? Tafuta jani moja zima, lisilo changa sana wala zee. Likate pamoja na kikonyo chake, bakisha kama sentimita tatu, ukate kwa mshazari. Lichomeke kwenye mboji nyepesi yenye unyevu kidogo, lifunike na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukae mbali nalo. Mizizi huchukua wiki kadhaa, vijani vipya huchukua miezi miwili au zaidi. Kazi yako kubwa ni kutolifukuafukua kila siku kutazama.

Tulipokuwa tukirekodi, mwenzangu aliniuliza kama jani lile ni mfano wetu sisi: limekatwa, limepandwa ugenini, linaota. Nilimpelekea Mama swali hilo. Akajibu, "Ua ni ua. Wewe una miguu, njoo umwone Bibi." Kwa hiyo mfano huo nimeuacha.

Kwa wenzetu wa Muscat na Ghuba, ambako ua hili haliwezi joto la nje, nanyi mna la kwenu. Mama Mdogo wangu aliyeko Muscat ana mti mdogo wa chunguni, shina nene kama tumbo la chupa, maua ya waridi: waridi la jangwani. Wengi wanaufuga kama bonsai, lakini unene ule ni wa asili, ni ghala lake la maji. Yeye alidhani ni wa Thailand kwa sababu ndiko ulikouziwa kutoka. Kumbe unaota porini Dhofar, Yemeni, Kenya na Tanzania. Peter Forsskål aliukusanya Yemeni, akafia hukohuko mwaka 1763, maandishi yake yakachapishwa 1775. Na jina lake la kitaalamu, Adenium, linatokana na Aden. Masharti yake ni kinyume cha ua letu: jua tele, maji machache, na wakati wa baridi karibu usimwagilie kabisa. Ukiukata nawa mikono, utomvu wake ni sumu iliyopakwa kwenye mishale.

Leo ninapoandika, wiki ya kumi na moja, jani langu limetoa vijani viwili chini, kila kimoja kidogo kama ukucha. Mama anarudi mwisho wa mwezi. Hali ya Bibi si nzuri, na mimi nimekata tiketi ya kwenda kumwona kabla Mama hajaondoka, ili tupokezane. Nitachukua daftari. Nitamuuliza kila jani analolikumbuka, nami nitaandika hata yale nisiyoyaelewa.

Nanyi fanyeni hivyo wikendi hii. Ingieni jikoni kwa mama, kwa shangazi, kwa bibi, mwulize kila chungu kilichopo dirishani: hiki kinaitwaje, na kwenu kilikuwa kinaota wapi? Na neno usilolijua, uliza. Aibu inapita, mie nimeshaipitia kwa niaba yenu.